Samaki Wenye Kipezi

Samaki wa kwanza mwenye kipezi alipotoka wavuni, Torleiv alimgeuza huku na huku, akamfuta utelezi kwa kidole gumba, akamtazama tena, halafu akaketi ghafla kwenye ubao wa mashua.

"Gyro," akamwita mkewe. "Hebu tazama wewe. Mimi macho yangu ya kizee siyaamini."

Gyro alikuwa ameshika makasia. Hakuwa na haja ya kusogea. Trauti yule alikuwa na urefu wa kiganja na nusu, mgongo wa kahawia, madoa mekundu ubavuni, na pale juu, kati ya pezi la mgongo na mkia, kilikuwapo kipezi kidogo kisicho na mwiba, ukubwa wa ukucha wa mtoto. Kizima kabisa, hakijaguswa na mkasi.

"Anacho," akasema.

"Anacho! Umesikia, binti? Anacho!"

Binti aliyeambiwa ni Ragnhild, mtaalamu wa samaki aliyetumwa na mkoa. Alikuwa amekaa mbele na daftari lake lisiloingia maji. Akaandika, asitabasamu wala asinune. Yeye kazi yake ilikuwa kuhesabu.

Ziwa Ramsvatn lilikufa zamani, Torleiv akiwa kijana wa kubeba magunia. Moshi wa viwanda vya nchi za watu ulisafiri na upepo, ukatunyeshea mvua kali kama siki juu ya milima yetu mwaka baada ya mwaka, mpaka maji yakawa maangavu hata ukaona jiwe kwenye kina cha mita kumi. Wageni walisimamisha magari barabarani wakapiga picha, wakasema ziwa zuri lililoje. Masikini, hawakujua kuwa maji ya mlimani yakiwa safi namna ile, hakuna anayeishi humo. Samaki wa mwisho kuvuliwa walikuwa wakubwa na wanene, wazee watupu, maana watoto walikuwa wanafia ndani ya mayai.

Ndipo Torleiv na wenzake walipoanza ubishi wao. Kila kiangazi walimwaga chokaa ziwani kwa mashua, ili maji yapoe ukali. Kila vuli walitia samaki wadogo waliowaangua na kuwalisha kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Torleiv. Na kila samaki, kabla ya kuachiwa, alikatwa kile kipezi. Kukatwa hakumdhuru, hata haoni tofauti. Ni alama tu. Asiye na kipezi, sisi tumemleta. Mwenye kipezi, ziwa limemzaa. Kwa miaka thelathini ziwa halikuwa limezaa hata mmoja.

Mvua yenyewe ilishapoa, viwanda vya watu vilishafungwa au vikatiwa vichujio, lakini mkoa ulikuwa umechoka. Barua ilikuja theluji ilipoanza kuyeyuka: chokaa ni ghali, maziwa ni mengi, na kutia samaki kumesimamishwa miaka mitatu sasa ili ukweli ujulikane. Vuli hii nyavu zitupwe mara ya mwisho. Wakipatikana waliozaliwa humo, chokaa itaendelea miaka kumi. Wasipopatikana, Ramsvatn lifutwe kwenye orodha, liachwe lirudi lilikotoka.

Hadi nyavu zote zilipotolewa, walikuwa wamepatikana kumi na wawili wenye kipezi. Torleiv, mzee wa miaka sabini na nne, alilia mbele ya mgeni bila kujificha, akajifuta kwa mkono ulionuka samaki. Gyro akapiga makasia kurudi ufukweni. Mumewe alidhani amenyamaza kwa furaha.

*

Bjug alikuwa gatini, mikono mfukoni. Bjug ni jirani yao, mfuga kondoo na mwindaji, na kwa miaka yote hiyo jina alilomwita Torleiv ni Bwana Chokaa. Krismasi moja, mbele ya watu wote kwenye nyumba ya mikutano, akiwa ameshashiba na kulewa kidogo, aliapa: kwa kila samaki mwenye kipezi atakayetoka ziwa lile, atambeba Torleiv mgongoni azunguke naye nyumba ile raundi moja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na huku kwetu neno la mbele ya watu halifutwi.

"Wangapi?" akauliza Bjug.

"Kumi na wawili," Torleiv akajibu kabla mashua haijagusa gati.

"Kumi na wawili nini? Vyura?"

"Wenye kipezi, Bjug."

"Acha uongo wewe."

"Usiniulize mimi. Waulize wenyewe hawa hapa, wamelala kwenye barafu."

Bjug aliinama juu ya sanduku. Akamshika mmoja, akamshika wa pili, akafika mpaka wa mwisho. Akavua kofia yake, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Raundi kumi na mbili," akasema taratibu. "Torleiv, una kilo ngapi siku hizi?"

"Tisini na mbili. Na kuanzia leo nakula siagi kwa kijiko."

"Shemeji!" Bjug akamgeukia Gyro. "Nakusihi, mpikie huyu uji mwepesi mpaka Jumamosi. Mimi mgongo ninao mmoja tu, na huo wenyewe wa kuungaunga."

Hata Ragnhild alicheka. Gyro naye akacheka kwa kuwa kila mtu alicheka, akafunga kamba ya mashua, akaifungua, akaifunga tena.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Mtu wa mkoa angekuja, na mwandishi wa gazeti, na akina mama wangepika uji wa krimu, ule wa sherehe. Ragnhild alibeba sanduku lake kwenda kuwachunguza samaki mjini, akasema atarudi siku hiyo na taarifa yake. Torleiv alimpigia simu kila mtu aliyemjua, na wengine aliowajua kwa mbali.

*

Kesho yake asubuhi Gyro aliingia kibandani. Mabeseni yalikuwa makavu, yamepigwa utando wa buibui. Mkasi mdogo ulikuwa bado umening'inia kwenye msumari wake. Rafuni kulikuwa na kitabu cha ziwa, jalada limelegea kwa unyevu, na Gyro alijua ukurasa bila kutafuta. Mwaka wa nne kurudi nyuma. Mwandiko wake mwenyewe: *Samaki 1,400. Wote wamekatwa.* Na chini yake sahihi ya mwenyekiti wa kikundi chao, Torleiv, aliyoiweka mwezi mmoja baadaye alipotoka hospitali.

Ilikuwa wiki ya elki. Asiyeishi huku hawezi kuelewa. Wiki ya kwanza ya kuwinda elki, yule mnyama wa pembe pana, hakuna fundi, hakuna dereva, hata harusi haipangwi. Wote wako msituni, simu zimezimwa sauti. Na wiki hiyohiyo moyo wa Torleiv ulikwama, akachukuliwa hospitali ya mbali. Gyro alibaki na samaki elfu moja na mia nne waliokuwa wanasubiri kukatwa, na mvua kubwa ikaleta majani yakaziba bomba la maji ya kibanda.

Alizibua bomba, likaziba tena. Akapiga simu kwa huyu, akapiga kwa yule. Hakuna aliyepokea. Basi akaketi kwenye kigoda akaanza peke yake: matone ya mafuta ya karafuu kwenye karai ili walale, mmoja kiganjani, kata, hesabu, ndoo ya pili. Hiyo ni kazi ya watu sita wanaopiga soga. Siku mbili alikata mia nane. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi tangu miaka mingi, na siku ya pili jioni vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Mkasi ulimponyoka. Samaki watatu aliwakata vibaya wakafa kiganjani mwake, akawalilia kama mtu mjinga. Na katika beseni la mwisho mia sita walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta pumzi.

Aliwachota kwa ndoo akawapeleka ziwani vilevile walivyo. Ndoo kumi na tisa. Hapo hakuna wa kumlaumu, nami namsifu. Kosa lilikuja usiku ule simu ilipolia.

"Umewakata wote?" Sauti ya Torleiv ilikuwa nyembamba, ya mtu anayepimiwa pumzi.

"Wote," akasema Gyro.

Halafu akaandika hivyo kitabuni, ili maandishi yafanane na maneno. Alijiambia atamweleza akipona. Alipopona akajiambia asubiri apate nguvu. Alipopata nguvu, jambo lenyewe lilikuwa limeshakuwa la mwaka jana, na wale mia sita alidhani wamekufa kama wenzao wengi. Neno usilolisema siku yake huzidi uzito kila ukilibeba. Na sasa kumi na wawili wao walikuwa wamelala kwenye barafu mjini, na mumewe ananyoosha suruali ya sherehe.

*

Ijumaa asubuhi Torleiv alikuwa jikoni anapiga viatu rangi huku anaisoma hotuba yake kwa sauti. Ilikuwa hotuba fupi, lakini kila akiisoma iliongezeka.

"Torleiv, acha viatu."

"Niache vipi na gazeti linakuja? Unataka nipigwe picha na viatu vya zizini?"

"Wale kumi na wawili niliwatia mimi."

Akacheka. "Wewe na mimi, mama. Na hilo limo kwenye hotuba, usiwe na haraka."

"Hunielewi. Mwaka ule ulipolazwa. Mia sita wa beseni la mwisho sikuwakata. Niliwaachia na vipezi vyao."

Brashi ilibaki juu ya kiatu. Torleiv alimtazama mkewe usoni kwa muda, kama anayesubiri amalizie utani.

"Uliniambia wote."

"Ulikuwa na mipira puani. Ulitaka nikuambie nini?"

"Ungeniambia mia sita."

"Ungekufa."

"Kwa samaki?"

"Wewe? Kwa samaki ungekufa, ndiyo."

Torleiv akaweka brashi chini, akakifuta kiatu kimoja kwa kitambaa, taratibu, mpaka kikang'aa, na cha pili akakiacha na vumbi lake.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

Saa ya ukutani ikagonga. Gyro aliliona wazo likimwingia mumewe, akalijua, kwa sababu lilikuwa limeshampitia yeye mwenyewe mara mia. Chokaa ya miaka kumi. Nani angeumia? Mkoa una pesa. Labda ndani ya miaka hiyo kumi wangezaa kweli.

"Mtu angeweza..." Torleiv akaanza, kisha akafunga mdomo. Akainuka akatoka nje na soksi, akavaa mabuti ya mlangoni, akaanza kupasua kuni. Alipasua saa mbili nzima. Kuni za kutosha majira mawili ya baridi, na daktari alishamkataza shoka.

Aliporudi jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni. Alisimama mlangoni, akamwambia mkewe bila kumtazama:

"Miaka thelathini nimewakata samaki vipezi, mmoja mmoja, ili tusije tukajidanganya. Ndiyo sababu pekee ya mkasi ule. Sasa nijidanganye mwenyewe?"

"Ndiyo maana nimekuambia."

"Umeniambia baada ya miaka minne, Gyro."

Akala chakula chake. Siku nzima hakumwita mama, hakumwita Gyro, hakumwita chochote. Alipotaka chumvi aliinuka akaichukua mwenyewe, na kwa watu walioishi pamoja miaka arobaini na nane, hicho ni kipigo. Gyro alikipokea. Alijua kiasi gani anadaiwa.

*

Jumamosi nyumba ya mikutano ilijaa. Uji wa krimu ulikuwa unafuka, siagi inaelea juu, na Bjug alikuwa anajinyoosha viungo pale mlangoni, anainama na kuinuka huku watu wanamhesabia. Mtu wa mkoa alikuwa bwana mstaarabu mwenye sweta la sufi na jalada mapajani. Ragnhild alikuwa ameketi pembeni, mfuko wake miguuni.

Torleiv alisimama. Hotuba ilikuwa mfukoni na haikutoka.

"Nina maneno machache," akasema. "Kitabu cha ziwa kina uongo ndani yake. Mwaka wa nne kurudi nyuma, samaki mia sita walitiwa bila kukatwa vipezi, na kitabu kinasema wote walikatwa. Sahihi iliyopo chini ni yangu. Mwenyekiti ni mimi. Kwa hiyo wale kumi na wawili si watoto wa ziwa, na kosa ni langu."

Kijiko cha mtu kililia kwenye sahani. Mtu wa mkoa alifunga jalada lake polepole.

Gyro alikuwa amekaa nyuma karibu na mitungi ya kahawa. Hawakuwa wamepatana juu ya hili, hawakuwa wanaongea. Akainuka.

"Kaa, mzee," akasema. "Sahihi ni yako, sawa. Lakini mkono ulioandika ni wangu na ulimi uliodanganya ni wangu. Huyu alikuwa kitandani anapigania roho yake, hakujua hata siku ni ipi. Nilikuwa peke yangu, maji yameziba, samaki wanakufa, nikawaachia. Hilo sijutii. Halafu nikasema uongo kwenye simu, na nikauandika. Hilo najutia kila siku."

Mwandishi wa gazeti aliishusha kamera, akafikiri, akaiinua tena, akamlenga. Gyro hakugeuza uso.

"Na sisi tuliokuwa tunakata mpaka vidole vinakufa ganzi?" Huyo alikuwa Aslaug, aliyekaa naye kwenye vigoda vile miaka ishirini. "Miaka yote hiyo, Gyro. Kumbe ilikuwa bure?"

"Nisamehe, Aslaug."

Aslaug akatazama dirishani. Watu wakaanza kunong'ona, na mmoja upande wa mlangoni akasema wazi kuwa sasa mkoa utawaona wote wezi wa chokaa. Gyro akabaki amesimama, mikono imeshika kiti cha mbele yake, vile vidole vyake vilivyopinda vimeonekana na kila mtu.

Watu walimtazama Bjug. Kama kuna mtu aliyengojewa acheke, ni yeye. Raundi zote zilikuwa zimefutika. Bjug akasogea mbele, kofia mkononi.

"Wiki ile ya elki," akasema, "simu yangu ilitetemeka mfukoni mara nne. Niliitoa nikaona jina. Shemeji Gyro, Shemeji Gyro. Nikaizima. Elki alikuwa mbele yangu hatua themanini, nikaogopa asishtuke."

"Ulimpata?" mtu akauliza.

"Nilimkosa." Akaikunja kofia mkononi. "Na sio mimi peke yangu. Tulikuwa wanaume kumi na wanne kwenye kilima kile, na simu zilikuwa zinatetemeka mifukoni mwetu moja baada ya nyingine. Tukacheka. Tukasema bibi anatafuta watu wa kukata samaki. Sasa mnamtolea macho ya nini?"

Wanaume kadhaa waliokuwa kwenye kilima kile walianza kukoroga uji ambao ulikuwa umeshakorogeka.

*

"Naomba na mimi niseme," akasema Ragnhild.

Alitoa mfukoni mwake kikasha kidogo chenye vyumba kumi na viwili, na ndani ya kila chumba kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hivi ni vijiwe vya masikioni mwa samaki," akasema. "Vina duara ndani, kama shina la mti lililokatwa. Ukivitazama kwa hadubini unahesabu miaka. Nimewahesabu wale wote. Kumi na mmoja wana miaka minne, wote rika moja. Nilishangaa sana. Ziwa gani linazaa mwaka mmoja tu kisha linafunga kizazi? Nilitaka kuwauliza leo, na Mama Gyro amenijibu kabla sijauliza. Hao kumi na mmoja tunawafuta."

Torleiv alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua.

"Umesema kumi na mmoja."

"Ndiyo, mzee."

"Walikuwa kumi na wawili."

"Wa kumi na mbili ana miaka miwili," akasema Ragnhild. "Nimemhesabu mara tano, nikampa na mwenzangu amhesabu. Mliacha kutia samaki lini?"

"Mwaka wa tatu huu," akasema Torleiv. "Na wa mwisho niliwakata mwenyewe, mkono huu. Kila mmoja."

"Kuna samaki maziwa ya juu, labda kashuka na mto?"

"Juu hakuna hata chura."

"Basi huyo hakutiwa na mtu."

Gyro akaketi, na Aslaug ndiye aliyemsogezea kiti, ingawa bado alikuwa anatazama dirishani.

"Mmoja tu?" akauliza mtu wa mkoa.

"Samaki hazaliwi peke yake," Ragnhild akamjibu. "Hakuna mama anayetaga yai moja. Wavu umemshika mmoja, ndugu zake wako humo. Wadogo wanapita katikati ya matundu." Halafu akamgeukia Gyro. "Mama, ungenyamaza leo ningeandika kumi na wawili, na siku yoyote mtu angekuja kugundua kuwa wale kumi na mmoja ni wa beseni, angemtupa na huyu mmoja pamoja nao. Sasa naandika mmoja. Huyu hakuna atakayemwondoa."

Mtu wa mkoa alifungua jalada lake tena, akaisoma ile barua kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza.

"Imeandikwa 'wakipatikana waliozaliwa humo'," akasema. "Haikuandikwa wangapi. Nitaipeleka taarifa hii hivi ilivyo, na nitaitetea."

Kelele iliyozuka hapo ingeamsha maiti. Katikati yake Bjug alikuwa ameshatoka nje, amechutama kwenye majani yenye umande, amegeuza mgongo.

"Torleiv! Samaki mmoja, raundi moja! Njoo kabla sijabadili mawazo!"

"Nimekula siagi!"

"Njoo hivyohivyo!"

Wakampandisha. Bjug akainuka kwa mguno, akayumba, akaanza kuzunguka nyumba ya mikutano, uso mwekundu, na kilo tisini na mbili za mwenyekiti zikining'inia mgongoni na viatu vyake: kimoja kinang'aa, kingine na vumbi. Kwenye kona ya tatu walikaribia kuanguka. Watu walikuwa wanapiga makofi, wengine wanalia. Gyro alisimama ngazini akicheka na machozi yanamtiririka, na Torleiv alipopitishwa mbele yake alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana asubuhi.

*

Jumapili mchana Gyro alikuwa anafuma soksi karibu na dirisha. Torleiv aliingia kutoka kibandani na kitabu cha ziwa. Gyro akakiona, akasimamisha sindano. Alidhani sasa yale maneno yaliyobaki yanakuja.

Torleiv akavaa miwani. Akafungua ukurasa ule, akachukua rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya mwandiko wa mkewe, bila kuufuta, ili uendelee kusomeka. Chini yake akaandika, taratibu, kama mtoto wa shule. Akaweka sahihi. Halafu akakisukuma kitabu mezani mpaka kikagusa uzi wa sufi, akaweka kalamu juu yake.

"Soma," akasema. "Kama kuna kosa, sema."

Gyro akasoma kwa sauti.

"*Samaki mia nane walikatwa. Watatu walikufa. Mia sita waliachiwa bila kukatwa, wakiwa hai, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsaidia Gyro.*"

Akairudia sehemu ya mwisho kimoyomoyo. Kisha akaweka soksi chini.

"Hakuna kosa," akasema.

"Basi weka na yako. Hapo, chini yangu."

Kalamu ilimsumbua vidoleni, na sahihi ilitoka imepinda. Torleiv alisubiri wino ukauke, akafunga kitabu, akaenda jikoni.

"Mama," akaita kutoka huko. "Kahawa unaitaka na maziwa?"